Ngoma Isiyo na Jina: Sauti za Jadi na Muziki wa Filamu

Katika zama hizi ambapo kompyuta moja ndogo yaweza kubeba sauti za ala za dunia nzima, imezuka miongoni mwa watunzi wetu vijana desturi ambayo hatuna budi kuizungumza kwa uwazi. Kijana anayetunga muziki wa filamu hufungua katika kompyuta yake ghala la sauti zilizonaswa. Huchagua filimbi ya mwanzi ya Kijapani iitwayo shakuhachi, huongeza nyuzi za koto, hutia chini yake kishindo cha ngoma kubwa za taiko, kisha huuweka muziki huo juu ya picha za wakulima wanaopalilia mahindi au za mto uliofurika. Watazamaji wakisisimka, husemwa kwamba filamu yetu imefikia kiwango cha kimataifa. Na kijana huyo akitaka kuonyesha kwamba yeye ni Mtanzania, hufungua ghala jingine lililoandikwa kwa ujumla tu "Afrika", akachota humo mdundo usio na kabila wala kijiji, akaumwaga juu ya ule wa Kijapani. Haya twaambiwa kuwa ni maendeleo ya utamaduni. Sisi tunakataa, na tutaeleza sababu zetu.

Tunaandika tukiwa na Masanze mbele ya macho yetu. Kata hii ya Wilaya ya Kilosa, iliyo upande wa Mikumi, ni mahali panapofaa sana kulipima jambo hili, kwa kuwa wilaya yake si nchi ya kabila moja. Wasagara, Wavidunda na Wakaguru ni wenyeji wa vilima na mabonde haya. Baadaye reli ya kati na mashamba ya mkonge yalileta watu kutoka pande nyingi za nchi, na kila aliyekuja alikuja na ngoma yake. Wafugaji nao wakafika na nyimbo zisizohitaji ngoma hata kidogo. Kwa hiyo mtu wa Kilosa akisikia mdundo kwa mbali wakati wa usiku, huuliza maswali mawili: ngoma hiyo ni ya nani, na inapigiwa jambo gani? Maswali hayo ndiyo elimu ya muziki ya wananchi. Ghala la sauti la kwenye kompyuta haliwezi kuyajibu hata moja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuondoe shaka mbili. Kwanza, hatupingi kuazima. Mkoa wetu wa Morogoro umejenga jina lake katika muziki kwa kuazima kwa akili. Marehemu Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, aliiita bendi yake Cuban Marimba, na hakuficha kwamba mahadhi yake yametoka ng'ambo ya bahari. Lakini aliimba Kiswahili, aliwatungia watu wa Morogoro mambo ya Morogoro, na gita lilipigwa na mtu aliyeketi mbele ya wasikilizaji wake. Tena mahadhi hayo ya Kuba yalikuwa na damu ya Afrika ndani yake, hivyo aliyeazima alikuwa pia akidai cha babu zake. Wala Japani si nchi ngeni kwa wanamuziki wetu. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na wenzake wa Morogoro Jazz walikwenda Osaka kupiga muziki katika Maonyesho ya Dunia, wakairudisha safari hiyo nyumbani kwa wimbo. Walikwenda wakiwa na sauti yao, na walirudi nayo.

Pili, hatupingi mashine. Wako wazee wanaodhani kwamba chombo cha kunasa sauti ni adui wa ngoma. Sisi hatuoni hivyo. Kama si wale waliozunguka vijijini na vinasa sauti vyao, Radio Tanzania isingekuwa na hazina ya nyimbo iliyokuwa nayo maktabani, na wapigaji wengi wangekuwa wamezikwa pamoja na nyimbo zao. Ugomvi wetu ni juu ya namna mashine inavyotumiwa, na juu ya nani anafaidika nayo.

Sasa tuitazame hiyo Japani ambayo vijana wetu wanadai kuifuata. Tunasema kwamba wameshika ganda na kuacha kiini.

Wajapani nao walipitia kasumba. Mwaka 1879 serikali yao iliunda ofisi ya kuchunguza muziki kwa ajili ya shule, na kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata mtoto wa Kijapani alifundishwa shuleni hasa muziki wa mtindo wa Ulaya. Kinanda kilikuwa darasani, na koto ikabaki nyumbani. Ni mwaka 2002 tu ndipo mtaala mpya ulipoanza kuitaka kila shule ya sekondari ya chini imfundishe mwanafunzi walau ala moja ya jadi ya nchi yake. Yaani taifa tajiri, lenye viwanda vinavyotengeneza vinanda na vinasa sauti vya dunia nzima, lilihitaji zaidi ya karne moja kutambua kwamba lilikuwa likiwalea watoto wake kama wageni wa muziki wao wenyewe. Sisi tulionywa mapema zaidi. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alieleza jinsi wasomi wa wakati ule walivyojua dansi za Kizungu huku hawazijui ngoma za kwao, na akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Miaka zaidi ya 60 imepita. Kijana wetu ameiacha dansi ya Kizungu, lakini sasa anaijua taiko kuliko ngoma ya kijiji cha mama yake. Ugonjwa ni ule ule, umebadilisha kanzu.

Tumchukue mtunzi mmoja wa Kijapani ambaye kazi yake ndiyo shina la muziki huu wa filamu unaoigwa leo. Toru Takemitsu alizaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 1996, na katika maisha yake alitungia muziki filamu zinazokaribia mia moja. Katika ujana wake aliuepuka muziki wa jadi wa Japani kwa kuwa ulimkumbusha machungu ya vita. Baadaye, aliposikia muziki wa michezo ya vikaragosi vya jadi, alishtuka kutambua kwamba alikuwa amepita miaka mingi akikikimbia kitu asichokijua. Je, alifanya nini? Hakutafuta ghala la sauti. Aliwatafuta watu. Alifanya kazi na Kinshi Tsuruta, mwanamke bingwa wa biwa, ambayo ni ala ya nyuzi ya wasimulizi wa kale, na na Katsuya Yokoyama, bingwa wa shakuhachi. Mwaka 1967 wawili hao walisimama jijini New York mbele ya okestra kubwa kupiga kazi yake iitwayo November Steps. Katika kazi hiyo Takemitsu hakuzichanganya ala za Kijapani na za Ulaya kama uji. Aliziweka kila moja mahali pake ili tofauti yao isikike. Wapigaji hao wana majina, na majina yao yamo katika historia.

Hata katika mambo ya kunasa sauti na kuzigeuza kwa mitambo, Takemitsu aliwatangulia vijana wetu kwa miaka mingi. Katika filamu ya Kwaidan ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Masaki Kobayashi, zinasikika sauti za mbao zinazopasuka, zilizonaswa kwenye utepe na kugeuzwa, zikitoa hofu katika nyumba iliyooza. Katika filamu hiyo hiyo imo hadithi ya kipofu mpiga biwa, na biwa inayosikika ni biwa kweli. Tunawaomba vijana walitafakari hilo. Mtunzi alijua ni jambo gani la kuikabidhi mashine na ni jambo gani la kulikabidhi mkono wa binadamu. Huo ndio ustadi wa kuigwa.

Watatuuliza: kuna hasara gani iwapo sauti iliyonaswa ni sauti ya ala halisi? Tutaeleza hasara tatu.

Hasara ya kwanza ni ya sauti yenyewe. Biwa ya Kijapani imetengenezwa makusudi ili uzi wake ugusegusе mti na kutoa mvumo wa kukwaruza. Kwa Wajapani mvumo huo ni uzuri wenyewe, na bila huo ala ni bubu. Sasa tuitazame ilimba ya Wagogo, jirani zetu wa magharibi. Katika kisanduku chake mna tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, ili kila ulimi wa chuma unapochezwa utando huo uvume pamoja nao. Fundi wa Kigogo na fundi wa Kijapani, bila ya kuonana, walifikia hekima moja: sauti safi mno haina uhai. Lakini fundi wa ghala la sauti hufanya nini? Akisikia mvumo ule, hudhani ni kasoro ya chombo chake. Huusafisha, huukata, kisha huuza kilichobaki kwa jina la ilimba. Mtunzi wetu anayetumia sauti hiyo huku akitafuta roho ya Kijapani amepoteza vyote viwili. Ameitupa ilimba, na ameitupa ile hekima ambayo ingemkutanisha na biwa kwa haki.

Kadhalika katika vipimo vya sauti. Kinanda cha kompyuta huigawa okteva katika hatua 12 zilizo sawa. Lakini uzi mmoja ukipigwa huzaa ndani yake sauti nyingine nyingi kwa mpangilio wa asili, na wataalamu wa muziki wameeleza kwamba uimbaji wa Wagogo unafuata mpangilio huo. Sauti ya saba katika mpangilio huo huwa chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya hatua moja. Sikio la Mgogo halikosei hapo. Kompyuta, isipoelekezwa vingine, huinyoosha sauti hiyo kama mwalimu wa kikoloni aliyekuwa akinyoosha matamshi ya watoto, na watoto wetu wakiisikia mara nyingi iliyonyooshwa, watakuja kudhani kwamba bibi zao ndio walioimba vibaya.

Hasara ya pili ni ya maana. Katika Kiswahili neno ngoma lina maana ya ala, lina maana ya mchezo, na lina maana ya mkutano wa watu waliokusanyika kwa jambo fulani. Lugha yetu haikukosa maneno. Iliona kwamba mambo hayo matatu hayatengani. Kijijini ngoma ya ngozi huwashiwa moto kwanza. Ngozi ikilegea kwa umande, mpigaji hurudi motoni kuikaza, na wachezaji humngoja wakipiga soga. Akirudi, mdundo wake wa kwanza hauwi sawa na ule wa mwisho, kwa kuwa ngozi imebadilika, usiku umebadilika, na wachezaji wamechangamka. Mpigaji huitazama miguu ya wachezaji, na wachezaji huisikiliza mikono ya mpigaji. Sauti iliyonaswa mara moja na kurudiwa mara elfu ni ngoma ambayo haikuwahi kuota moto na haimtazami mtu. Imeichukua ala, ikauacha mchezo na mkutano. Na filamu, ambayo ni hadithi ya watu walio pamoja, ndiyo inayohitaji hayo mawili yaliyoachwa.

Hasara ya tatu ni ya haki. Tumfikirie mzee wa Masanze anayekuja kuombwa apige ngoma mbele ya kipaza sauti kwa saa moja. Hupewa soda na nauli. Midundo yake hukatwa vipande vipande, huwekwa ghalani, huuzwa katika nchi asizozijua, na hatimaye hurudi Dar es Salaam ndani ya filamu iliyotungwa na mjukuu wake aliyeinunua bila kujua kwamba ananunua mikono ya babu yake. Hatusemi kwamba haya yamempata mzee fulani. Tunasema kwamba hakuna kitu katika desturi hii kinachoyazuia yasimpate yeyote. Wakati wa mkonge, singa zilisafirishwa ng'ambo na kamba ikarudi kuuzwa kwetu. Wilaya ya Kilosa inaujua mpango huo vizuri. Je, tutaupokea tena katika muziki, na safari hii kwa makofi?

Wanaotupinga wana hoja zao. Wa kwanza husema: sauti ni sauti, haina kabila wala mwenyewe. Tunawajibu kwamba wao wenyewe hawaamini hivyo. Wamechagua shakuhachi kwa sababu inanukia Japani. Laiti sauti isingekuwa na kwao, wasingeilipia. Wa pili husema kwamba hawana fedha za kukodi wapigaji. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa filamu zetu nyingi hutengenezwa kwa mfuko mwembamba. Lakini filamu huipata fedha ya mavazi, ya magari na ya chakula cha wasanii. Muziki huachwa wa mwisho kwa sababu umehesabiwa kuwa pambo. Na Takemitsu hakuhitaji kundi la wapigaji kila mara. Alijua kwamba biwa moja na ukimya unaoizunguka vyaweza kuijaza sinema nzima. Kijana mwenye mfuko mwembamba angefaidika zaidi na zeze moja lililopigwa na mtu mmoja kuliko taiko hamsini za bandia. Wa tatu husema kwamba wazee hawataki kunaswa. Na hapo wazee wana haki. Ziko ngoma za jando na unyago zisizopaswa kutoka nje ya uwanja wake, na mtunzi mwenye adabu akiambiwa hapana, huinama na kuondoka.

Hata hivyo, tusimtupie kijana lawama yote. Sisi wakubwa tumeifundisha nchi nzima kwamba ngoma ni kitu cha kupokelea wageni wa heshima. Kikundi huamshwa alfajiri, husimamishwa juani kando ya uwanja, hupewa dakika tano, kisha kipaza sauti hunyamazishwa ili hotuba zianze. Mtoto anayeyaona hayo kila mwaka atajifunza nini, kama si kwamba ngoma ni kelele za kutangulia mambo ya maana? Akija kutunga filamu, ataitumia ngoma kwa namna hiyo hiyo aliyofunzwa, yaani kama alama ya kupita tu.

Wala si kweli kwamba hatuna mfano wa kwetu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba hadi Japani na Ulaya. Kampuni ya Kijapani ya JVC ilitoa sahani iliyobeba jina lake. Baadaye, mwaka 2002, ilitoka albamu aliyoifanya pamoja na Michael Brook, ambamo ilimba na sauti ya Zawose vinakutana na mitambo ya kisasa. Jina la Mtanzania liko mbele ya jalada. Mashine ilikuwapo, ugeni ulikuwapo, na bado mwenye sauti alikuwapo pia. Hicho ndicho kipimo chetu.

Sheria nayo ipo. Kanuni za mfano zilizotolewa mwaka 1982 na UNESCO pamoja na Shirika la Miliki Ubunifu la Dunia zilitaka kwamba sanaa ya jadi inapotumiwa, chanzo chake kitajwe kwa kutaja jamii au mahali ilikotoka. Nchi yetu, katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ilitenga sehemu ya kuilinda sanaa ya jadi ya wananchi isitumiwe kibiashara bila ruhusa. Mwaka 2011 tuliridhia pia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kuulinda urithi usioshikika. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu asiyejulikana. Wajapani walilielewa hilo. Sheria yao ya mwaka 1950, iliyorekebishwa mwaka 1954, iliwezesha taifa kuwatambua mabingwa wa sanaa za jadi kwa majina yao, na serikali huwapa posho kila mwaka ili waendelee na kazi na kuwafundisha vijana. Huko bingwa wa ala huhesabiwa kama hazina. Hapa kwetu jina lake haliandikwi hata mwishoni mwa filamu, pale anapoandikwa dereva.

Basi tunataka nini? Tunataka kwamba mtunzi wa filamu aketi kwanza na mpigaji kabla ya kuketi na kompyuta, na kama ataiazima Japani, aazime subira yake, nidhamu yake, na heshima yake kwa ukimya, naye aijaze nafasi hiyo kwa sauti anayoijua kwao. Tunataka kila sauti ya jadi inayonaswa iandikwe jina la mpigaji, la kijiji, la ngoma, na la jambo inalopigiwa, na mpigaji alipwe kila inapouzwa. Tunataka Halmashauri ya Kilosa, kupitia ofisi yake ya utamaduni, ianzishe hazina ya sauti za wilaya, itunzwe mahali ambapo kijana wa Masanze ataweza kufika kwa miguu au kwa baiskeli, asikilize, aombe ruhusa, atunge. Na tunataka shule zetu zisisubiri karne moja kama Wajapani. Mwalimu amwite mzee darasani, naye mzee aje na ngoma yake na kuni za kuiota.

Kazi hiyo haihitaji mabilioni. Inahitaji haraka, kwa sababu wanaojua kuiwamba ngoma, kuikaza na kuisemesha hawangoji mtaala. Kila msimu wa mvua twawasindikiza baadhi yao makaburini. Atakapokufa wa mwisho, ghala la kompyuta litaendelea kulia vile vile, safi, sawa, bila kukosea, na mtoto wa Kilosa atakapoisikia ngoma hiyo kwa mbali na kuuliza ni ya nani, hapatakuwa na mtu wa kumjibu. Wenye wajibu wa kuizuia siku hiyo ni sisi tulio hai sasa.